Misalaba ya Kandokando ya Lami Inatuchelewesha Mpakani

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu kutoka Tunduma, ambako tunaamka na honi na kulala na honi. Mimi ni mmiliki wa malori yanayopeleka mizigo Zambia. Nakuandikia kwa heshima na uchungu kuhusu misalaba inayozidi kuota kandokando ya lami, kwenye mteremko wa kuingia mjini, kila mtembea kwa miguu anapogongwa. Naomba iondolewe, kwa sababu hizi:

1. Inapunguza mwendo. Mwaka jana Mama Restuta, muuza mahindi ya kuchemsha, aligongwa akivuka na beseni lake kichwani. Lori halikusimama. (Si langu, nimeuliza.) Binti yake Loisi akasimika msalaba mweupe palepale. Tangu hapo dereva wangu Brayan akifika mahali hapo anashika breki na kuvua kofia, na malori yote ya nyuma yanamsubiri amalize kuomboleza. Nilipomkemea alinijibu, "Bosi, huyu mama alikuwa ananichagulia hindi laini. Leo nimpite kama simjui?" Nikamwambia ndiyo, ampite. Kesho yake akashika breki tena.

2. Ina majina. Zamani aliyegongwa alikuwa "mtembea kwa miguu mmoja". Tulisikia redioni, tukaendelea na chai. Sasa imeandikwa "Restuta, mama yake Loisi". Dereva atakanyagaje mafuta mbele ya mama wa mtu?

3. Inaambukiza. Zakia, mjane wa Yahaya fundi baiskeli, kwa kuwa wao ni Waislamu na hawaweki msalaba, ameweka benchi na ndoo ya maji ya kunywa pale mumewe alipoangukia. Wapita njia wanakaa, wanakunywa, wanamwombea marehemu dua. Hilo silipingi. Lakini mtu akishakaa huanza kufikiri. Juzi nilimsikia mmoja akiuliza kwa nini mteremko wote ule hauna hata kivuko kimoja cha kuchorwa. Maswali ya namna hiyo, Ndugu Mhariri, hayakuwapo kabla ya benchi.

4. Inatuaibisha kwa wageni. Mheshimiwa mmoja alipokuwa anakuja, tuliagizwa kuifunika misalaba kwa majani ya migomba. Yeye akadhani ni mapambo ya kumpokea. Akasimamisha msafara, akashuka, akatupungia mkono. Nasi tukampungia. Loisi alikuwa amesimama karibu kabisa na msalaba wa mama yake. Hakupunga.

Napendekeza misalaba yote ihamishiwe Kamsamba, huko kwenye mpunga na joto, ambako hata ng'ombe hawana haraka. Pia wananchi wazuiwe kabisa kuvuka. Aliyezaliwa kushoto mwa barabara asome kushoto, aolewe kushoto, azikwe kushoto. Mwenye shamba upande wa pili abadilishane na jirani. Wachumba walio pande mbili tofauti wapigiane simu mpaka wachoke. Kwa utaratibu huo hatutagonga mtu, wala hatutalazimika kukumbuka mtu.

Nisalimie wafanyakazi wote wa gazeti lako, hasa wanaokwenda kazini kwa miguu, na uwaambie wasitusumbue.

Wako katika kukimbiza uchumi,

Rabson Silwimba
Tunduma

N.B. Nakuomba barua hii usiichapishe. Mama yangu mzazi amehamia kwangu kutoka Ndalambo. Siku hizi hasikii vizuri, na kanisa lake liko ng'ambo ya barabara. Leo nimemsindikiza. Tulisimama huku, tukasogea kule, nikapunga mikono mpaka ikaniuma. Hakuna gari lililojali. Mwishowe tulivukia kwenye msalaba wa Mama Restuta, kwa sababu ni hapo tu madereva walipopunguza mwendo. Jumapili ijayo nitakuwa safarini, na mama amesema atakwenda peke yake.