Mate ya Hashimu

Jumatatu, 13 Januari 2025

Kikao cha njia yetu leo. Bi Asha, mwenyekiti wa mtaa, ametangaza kwamba vibao vya anwani vinawekwa mji mzima na kila njia lazima iwe na jina. Yetu haina. Watu wanaiita "kule kwa magodoro" kwa sababu ya duka la Hashimu. Aibu tupu. Mimi, Raphael, nimezaliwa hapa, nina stashahada ya uhasibu, halafu nikiulizwa naishi wapi nijibu kwa magodoro.

Nikasimama. Nikasema njia iitwe Bonifasi, jina la babu yangu mzaa baba, mwenyeji wa kwanza wa hapa, Mluguru wa damu. Makofi yakapigwa. Watu wawili. Mmoja ni mke wangu Regina, na nadhani alikuwa anaua mbu.

Hashimu naye akasimama, tumbo likitangulia. Kwa ile sauti yake ya asali akasema kaka Raphael ana haki ya kumpenda babu yake, ila kisima cha kwanza hapa alikichimba babu yake yeye, Mzee Ahmadi, na wazee wote wanajua. Wazee gani? Hashimu ana miaka arobaini na saba. Alipozaliwa mimi nilikuwa nimeshajua kuandika. Asubuhi ananiamkia shikamoo, jioni ananipinga mbele ya watu. Ndiyo malezi ya siku hizi.

Bi Asha akasema kila mmoja alete ushahidi, uamuzi utatolewa mwezi ujao. Nitaleta. Hashimu atatafuta pa kuuficha uso.

Jumatano, 15 Januari

Nimekwenda Kilumbi, misheni ya milimani alikobatizwa babu. Nimepanda gari la mboga lililokuwa linarudi juu tupu, nikakalia tenga. Mvua njia nzima. Nilivaa suti ili kanisa linichukulie kwa uzito. Suti sasa inanuka kabichi.

Paroko, Padri Godfrey, ni kijana mno na alikuwa amevaa kandambili. Sina imani na padri wa kandambili. Kabla hajafungua kabati nikampa namba ya Bi Asha, nikamwambia chochote atakachokiona kuhusu babu ampigie mwenyekiti mwenyewe, asije mtu akasema nimetunga. Nikajiona mwerevu kupita kiasi.

Kitabu cha ubatizo kikafunguliwa. Padri akasoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Bonifasi, aliyeitwa Maneno. Mtu mzima. Mpagazi. Ametoka ng'ambo ya ziwa. Jina la baba halijulikani.

Mpagazi! Mwenyeji wetu wa kwanza, Mluguru wa damu, kumbe alipita na mzigo wa mtu kichwani, akachoka, akabaki.

Nikamwambia Padri huyo bila shaka ni Bonifasi mwingine. Akasema humo yumo mmoja tu. Nikamwomba basi aachane na habari za Bi Asha. Akasema ameshampigia, wakati nafuta miwani. Mtandao wa kule juu haushiki mwaka mzima. Leo umeshika.

Nikapita kwa mama, maana nyumba yake iko chini kidogo ya misheni. Mama yangu, Bibi Magreth, amevuka themanini na bado analima njegere. Nikamkuta na Esther, binti yangu, muuguzi wa Uingereza aliyekuja likizo. Anamrekodi bibi yake kwa simu. Mama alikuwa kwenye ile hadithi yake ya siku zote, ya Judith, mama yake mdogo. Walipishana umri kidogo tu, wakakua pamoja na kulala mkeka mmoja. Kisha Judith akatoroka misheni na mfanyabiashara wa Kiislamu, na babu mzaa mama akapiga marufuku jina lake lisitajwe nyumbani. Hakuonekana tena. Hadithi hii nimeisikia tangu sijaota meno. Nikawaacha, nikaenda kuanika suti.

Jumamosi, 18 Januari

Njia nzima inajua. Muuza genge ameniuliza babu alikuwa anabeba nini, pembe au chumvi. Hashimu ameniamkia tu kwa upole. Huo upole ndio dharau yenyewe.

Lakini nimepata akili. Esther amekuja na vipimo vya DNA. Unatema mate kwenye kichupa, anaondoka nacho, na kule mashine inasema damu yako ilitoka wapi na nani ni ndugu yako. Ameshamtemesha bibi yake. Vimebaki changu na cha Regina. Cha Regina nimekichukua. Yeye kwao Mahenge, hana mgogoro na mtu.

Hesabu yangu ni hii. Babu yangu ametoka mbali, sawa. Basi Hashimu ametoka mbali zaidi. Tazama ile pua. Pana chini, imevunjika katikati kama ngazi. Waluguru hatuna pua hiyo. Tukionekana wote ni wa kuja, ushindani unaanza upya, na mwenye stashahada ni mimi. Regina akasema mbona pua ya Hashimu inafanana na yangu mimi. Anahitaji miwani yule mwanamke.

Nikaenda dukani na Esther, na hotuba ndefu kuhusu sayansi. Hashimu akakubali kabla sijafika katikati, ikaniharibikia. Esther akamwelekeza mwenyewe, akamwonya kwamba matokeo yanaweza kumshtua mtu, afikirie kwanza. Hashimu akasema hana haja ya kufikiria. Marehemu mama yake, Bi Sabra, hakuwahi kuwaambia kwao ni wapi. Walipouliza alijibu kwao ni hapo hapo alipokaa. Angependa kujua.

Akakaa juu ya godoro, akatema kwa adabu. Mimi nikakataliwa. Nilikuwa nimetafuna muwa. Ikabidi nisukutue na kungoja, huku Hashimu ananiletea kahawa ambayo Esther amenikataza kunywa.

Bi Sabra namkumbuka vizuri. Alikaa na Hashimu, nyumba ya tatu kutoka kwangu, miaka yote mpaka alipofariki. Tuligombana kuhusu bomba la maji. Alikuwa na ulimi mkali na alitukana kilugha. Ajabu, nilimwelewa.

Jumatano, 19 Februari

Esther amepiga simu ya picha. Akasema baba kaa chini. Nikakaa, nikamwambia aseme tu, Hashimu ametoka wapi, Komoro?

Akasema Hashimu na bibi ni ndugu. Ndugu wa karibu kabisa, kiasi cha mtoto wa mama mkubwa na mtoto wa mama mdogo, na mstari wao wa mama ni mmoja. Mimi na Hashimu undugu wetu ni hatua moja tu mbali zaidi ya hapo.

Nikasema mashine imeharibika. Nikasema Hashimu alikuwa amekula maandazi. Esther akasema mashine haidanganywi na andazi. Regina, aliyekuwa ameshika simu, akatamka neno moja tu, taratibu. Judith.

Tukavuka kwenda dukani. Kwa kweli Regina alivuka, mimi nikavutwa. Akamweleza Hashimu kila kitu pale pale kati ya magodoro. Hashimu hakushangaa kama nilivyotaka. Akakaa juu ya godoro, akasema:

"Mama siku zake za mwisho alirudi kwenye kilugha chake, hatukuwa tunamwelewa. Alikuwa anamwita Magreth. Sisi tukadhani ni muuguzi wa wodini."

Regina akalia. Hashimu akalia. Mteja aliyekuja kuulizia bei akaondoka.

Mimi nikatafakari athari zake. Sisi Waluguru ukoo unapita kwa mama. Hashimu ni mtoto wa mama mdogo wa mama yangu. Kwa hiyo ni kaka wa mama yangu. Kwa hiyo ni mjomba wangu. Mjomba! Mwenye sauti ya mwisho juu ya mambo yangu yote! Nimempa kichupa mwenyewe, kwa mkono wangu.

Jumamosi, 22 Februari

Tumepanda Kilumbi kwa gari la Hashimu. Anaendesha kama anabeba mayai. Nilimwambia mara kadhaa kuhusu gia.

Mama alikuwa amesimama mlangoni tangu aliposikia injini. Hakunitazama. Akamfuata Hashimu, akamshika uso kwa mikono miwili, akampapasa mashavu, akafika puani, akasimama hapo. Akasema ni pua ya mama yake mzazi, bibi yangu. Kisha akaniambia nimwamkie mjomba wangu.

Nikatazama mlima. Mama akangoja. Ana subira mbaya yule mama.

Shikamoo mjomba. Ilipanda kooni kama mwiba wa samaki. Hashimu akajibu marahaba huku macho yamejaa maji. Najua alikuwa anazuia kicheko.

Ndani, mama akataka kujua Judith aliishi wapi baada ya kuondoka. Alikuwa anadhani Tanga, au Unguja, au mbali zaidi. Hashimu akanitazama. Mimi nikatazama kuku aliyekuwa anapita. Regina ndiye aliyejibu. Morogoro mjini, mama. Njia yetu. Nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Mama akanigeukia.

"Raphael," akasema, "nilikuomba mara ngapi nije nikae kwako?"

Nikasema nyumba ilikuwa ndogo.

"Mkeka haujazi nyumba."

Sikuipenda ile sauti. Sijui kwa nini nimeiandika hapa. Nilitoka nje nikasimama kwenye njegere mpaka chakula kikawa tayari, macho yananiwasha, moshi ulikuwa mwingi. Niliporudi nikakuta firigisi amepewa Hashimu. Miaka hamsini na sita firigisi ya nyumba ile ni yangu. Nilipewa shingo.

Jumatatu, 24 Februari

Kikao cha uamuzi. Nilijiandaa. Nilikuwa na hoja mpya kwamba mpagazi ni mtaalamu wa usafirishaji, na kwamba mji huu umejengwa na usafirishaji, muulize mtu yeyote wa stendi ya Msamvu.

Mama ameshuka na mfuko wa njegere, akakaa mbele kabisa, kati ya Hashimu na Bi Asha. Hashimu akasimama. Akasema anaondoa jina la babu yake na kisima chake. Anaomba njia iitwe Sabra. Akasema mama yake alipokuja hapa hakuwa na ndugu hata mmoja, wala hakuwa na pa kurudi. Akawakandikia majirani kuta kwa chokaa, akawazalishia wake zao, akagombana na kila mtu kuhusu bomba mpaka likafika kila nyumba. Na kumbe ndugu zake walikuwa mlimani wanamuulizia.

Hilo la bomba hakunitaja. Ameliacha lielee hewani. Ndiyo hila zake.

Bi Asha akaniuliza kama bado nasimamia jina la Bonifasi. Nikafungua mdomo. Mama akageuka. Akanitazama. Nikasema mjomba ameshasema. Nikakaa. Makofi yakapigwa na kila mtu, hata muuza genge, ambaye kikao hakimhusu.

Baadaye mama akaomba apelekwe nyumba ya tatu. Akakaa barazani, kiganja kimeegemea ukuta, anaongea peke yake kwa Kiluguru. Regina akampelekea chai. Ikapoa. Hashimu akakaa chini kando yake, na tumbo lake lile, mpaka jua likapinda. Mimi hakuna aliyeniita. Nikafunga duka langu la vifaa vya shule mapema, si kwamba kulikuwa na wateja.

Mama hatarudi Kilumbi kwa sasa. Nilimwandalia chumba cha stoo, nikahamisha hata makaratasi. Akanishukuru, akasema atalala kwa Hashimu, chumba alichokuwa analala Judith. Nimeyarudisha makaratasi.

Ijumaa, 28 Februari

Siku kubwa! Asubuhi nilipita kumsalimu mama. Alikuwa anamenya njegere na wake wa majirani, anawaeleza mila za zamani. Nikawa naondoka. Ndipo akasema, kwa kupitisha tu, kwamba kwa Waluguru wa zamani mtu akifa mali yake haikwenda kwa watoto wake. Ilikwenda kwa mpwa.

Nikasimama na kiatu kimoja mguuni.

Mpwa! Mimi ni mpwa! Duka, stoo, lile gari la gia zinazolia! Mama akaendelea kusema kwamba mambo hayo yamepita, na Hashimu ni Mwislamu ana sheria zake na watoto wanne, lakini sikukaa kusikiliza, mama huwa anarefusha mambo.

Nikaenda moja kwa moja dukani. Shikamoo mjomba, safari hii kwa sauti ya kujaza barabara. Nikamuuliza amepima presha lini. Nikamshauri asinyanyue magodoro, anyanyue kidogo tu. Nikazunguka stoo, nikagusa moja moja. Mengine ameyapanga vibaya, nitayapanga upya muda ukifika. Hashimu akaguswa mno, akawaambia wateja hajapata kuona mpwa mwenye mapenzi kama mimi. Maskini, haelewi kitu.

Doa ni moja. Mchana akatokea kijana mmoja, Salum, muuza vitunguu wa Dumila. Hashimu akamkumbatia, akanitambulisha. Mtoto wa dada yake wa tumbo moja. Mpwa wake mkubwa.

Nimemtazama vizuri. Mrefu mno. Masikio madogo. Na pua nyembamba, imenyooka kama rula. Hiyo si pua ya ukoo wetu. Yule ni mtu wa kuja.

Nimemwandikia Esther alete kichupa kingine. Salum atatema mate, atake asitake.