Gari la Baba Mkwe Kwenye Kona

Jumatatu, 7 Oktoba
Mtaa wetu umegeuzwa uwanja wa mbio za magari za kimataifa! Kona kali kuliko zote iko mbele ya duka langu la kunyoa. Tatizo ni ukuta wa zege wanaoupanga kando ya barabara: kutoka dukani kwangu nitaona helmeti tu. Kinyozi mwenzangu wa ng'ambo ya barabara ana ghorofa, na ananitazama kwa huruma. Huruma yake inachoma kuliko wembe.

Lakini akili ni nywele, kila mtu ana zake. Baba mkwe kaniazima gari lake wiki nzima, tena kwa shingo upande, baada ya mke wangu kumwomba sana. Nimeliegesha hapo hapo kwenye kona. Waandaaji wakitaka lihame, waje wanibembeleze. Nitadai viti viwili vya jukwaa kuu, changu na cha mzee. Hapo ataniheshimu.

Jumatano, 9 Oktoba
Asubuhi honi zimelia sana kwenye kona. Nikaendelea kunyoa taratibu, nisionekane nina shida. Waache wabembeleze!

Nilipochungulia, roho iliniruka. Kreni ilikuwa imelinyanyua gari na kuliweka kwenye kibustani cha ndani ya kona. Ukuta umeshafungwa. Msimamizi wa mbio kasema walimtafuta mwenye gari mpaka wakachoka. Sasa litatoka mbio zikiisha. Kinyozi mwenzangu akanikumbusha kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Ijumaa, 11 Oktoba
Mke wangu kauliza gari la baba yake liko wapi. Nikasema liko penye ulinzi mkali. Si uongo! Lina polisi wawili na mbwa. Nimeomba niruhusiwe japo kulifunika turubai, nikafukuzwa. Naogopa kweli.

Jumapili, 13 Oktoba
Mzunguko wa kwanza tu, gari jekundu likakosa kona, likaserereka moja kwa moja hadi kwenye gari la mzee. Likasimama limebakiza nafasi ya kiganja. Televisheni imelirudia tukio mara kadhaa, na namba ya gari la mzee inasomeka vizuri kabisa.

Simu ikaita. Baba mkwe, kwa upole wa kutisha.

"Mkwe, niko nyumbani hapa natazama mbio. Hebu niambie, gari langu limeshika nafasi ya ngapi?"

Jumatatu, 14 Oktoba
Gari limetoka bila mkwaruzo. Mzee kaja kulichukua mwenyewe. Kamwambia binti yake kwamba hata toroli hataniazima tena. Kisha akavuka barabara, akaenda kunyolewa kwa yule wa ghorofa. Hilo limeniuma kuliko yote.

Nimekaa nikajichunguza kwa haki, nikaliona kosa langu. Gari lilikuwa jepesi mno. Shemeji, kaka wa mke wangu, ana lori, na baba yake bado hajampigia simu kumwonya.