Glavu Zote Zifanane

Jumatatu, 6 Mei

Leo nimepanda cheo. Bosi hakusema hivyo, lakini mwenye macho ameona.

Mtunza stoo aliomba ruhusa akamwone mchumba wake. Lori la glavu za kuchomelea vyuma likafika hayupo. Bosi yuko kwenye simu. Nani apokee mzigo? Mimi, mpika chai wa kampuni! Shule sikuiona, herufi nimefundishwa na makatoni ya ghala hili hili, lakini bosi akanikabidhi glavu moja ya mfano. Akasema nihakikishe zinafanana na hiyo, maana kiwanda cha mabomba kitazifuata Ijumaa.

Nimehakikisha. Kila katoni nimefungua, kila glavu nimeilaza juu ya ile ya mfano. Inalingana, pita. Kidole gumba kimeelekea kwingine, rudi. Dereva akaanza kunieleza jambo. Nikamwambia nimelea watoto saba na hakuna aliyewahi kunidanganya, sembuse yeye. Lori lilikuwa na glavu kama hizo za kampuni ya ng'ambo ya barabara. Nikamlazimisha abadilishe: mbovu zangu ziende kwao, nzuri zao zije kwangu. Alicheka mpaka akashikilia mlango wa lori. Nikampa chai na mkate. Alikuwa na uso wa mtu aliyeamka hajala.

Utamu wenyewe ni huu: mpika chai wa ng'ambo ni mkwe mwenzangu, mama wa mke wa mwanangu. Hatusemezani tangu mjukuu azaliwe. Anadai pua ya mtoto ni ya kwao. Pua ile! Basi, apambane na vidole gumba vilivyopinda.

Jumanne, 7 Mei

Mtunza stoo amerudi, amefungua katoni ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha ameketi sakafuni. Anasema zote ni za mkono wa kushoto. Nikamwambia angalau zinafanana.

Bosi amefoka mpaka bolti zikacheza rafuni. Kiwanda kikikosa glavu Ijumaa, mtunza stoo hana kazi, maana ghala ni lake. Nikasema mimi ndiye niliyepokea. Bosi akasema mpika chai hapokei mzigo, ila chai. Harusi ya mtunza stoo ni mwezi ujao. Mama hana, mama yake ni mimi, nimeamua mwenyewe siku alipoajiriwa. Nikamtilia sukari maradufu. Chai ikapoa mbele yake.

Uzembe huu ni wa nani? Wa dereva, bila shaka.

Jumatano, 8 Mei

Nimepata dawa! Glavu ya kushoto ukiigeuza ndani ikawa nje, inakuwa ya kulia. Nimegeuza katoni nzima badala ya kula. Kweli zikawa za kulia, ila bitana yote ikatoka nje, manyoya matupu. Mtunza stoo akavaa moja, mkono ukawa kama wa kondoo.

Fundi wa kuchomelea wa jirani akakubali kuijaribu. Cheche moja tu, manyoya yakashika moto. Nikamzima kwa birika zima la chai. Hakuungua. Akasema chai yenyewe ilikuwa na sukari kidogo. Hana adabu, lakini nampenda. Zilizobaki nimezigeuza tena zilivyokuwa.

Jioni mke wa mwanangu kaja na mtoto. Anasema kwao ng'ambo glavu zote ni za kulia, bosi wao anabwata, na mama yake hali chakula wala hasemi, kwa kuwa ndiye aliyezipokea bila kutazama. Nikacheka mpaka mtoto akashtuka. Kisha nikaacha kucheka. Hali?

Alhamisi, 9 Mei

Kumwomba mkwe mwenzangu, siwezi. Nikaona niende kama mteja. Kofia ngumu, miwani ya usalama, ovaroli ya mtunza stoo. Nikapita getini vizuri kabisa. Walinzi wakanipigia saluti.

Mkwe alikuwa anafagia. Hakuinua hata kichwa.

"Mkwe, vua kofia hiyo. Unatembea kama bata hata ukivaa chuma."

Nikavua. Nikamwambia nina za kushoto, yeye ana za kulia, na kuna kijana atakosa mke. Akaegemea ufagio.

"Sema pua ya mtoto ni ya kwetu."

Nikamsihi aombe kitu kingine. Meno yangu, kwa mfano, yaliyobaki.

"Pua, mkwe."

Nikaikumbuka ile chai iliyopoa. Nikasema. Akadai walinzi hawakusikia. Nikarudia. Walinzi wakapiga makofi, mashahidi wa uongo wakubwa!

Mchana kutwa tumevusha makatoni kwa toroli, za kulia zije, za kushoto ziende, magari yakitupigia honi. Katikati ya barabara nikamwona mwenzangu alivyokonda. Nimemwambia Jumapili anakula kwangu, apende asipende.

Ijumaa, 10 Mei

Kiwanda kimebeba mzigo wote, na kimekubali jozi moja pungufu. Ile glavu iliyoungua nashikia birika, inafaa sana.

Mtunza stoo amekunywa vikombe vitatu. Amesema siku ya harusi nitakaa kiti cha mama. Nikamwambia anyamaze asije akaniharibia chai kwa machozi. Machozi yangu, lakini hilo sikumwambia.

Bosi ameniita ofisini. Amesema nisisogelee mzigo tena maisha yangu yote. Masikini, anaona nimechoka, ananionea huruma.

Jumatatu linakuja lori la mabuti ya kazi, na mtunza stoo atakuwa kwa fundi akipimwa suti. Nimeshachukua buti moja rafuni, limo mkobani mwangu. Safari hii halipiti hata moja lenye kidole gumba upande usiofaa.

Na pua ni yetu.