Goti Langu na Cherehani ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Goti la kulia limeamka kabla yangu. Linauma kama jino. Sijamwambia mtu.

Kosa ni la mlima. Kila asubuhi napakia mikate kwenye keria na kuipeleka hospitali, kule kileleni, kwa gia nzito kuliko zote. Gia nyepesi ni za watoto! Mwendesha baiskeli wa kweli anakanyaga taratibu, kwa uzito, mpaka mnyororo ulie. Haraka haraka haina baraka.

Leo katikati ya mlima, jasho likiniingia machoni, nikasikia kengele ya baiskeli nyuma yangu. Mama mkwe! Yeye ni fundi cherehani, alikuwa anapeleka mashuka ya hospitali aliyoyatia viraka. Miguu yake ilizunguka upesi upesi, kwa wepesi, kama haina kazi. Nikataka kumwamkia. Pumzi hakuna. Akaniitikia marahaba kabla sijatoa shikamoo, kwa huruma tu, akapita. Hata kitambaa chake cha kichwani hakikuwa na jasho.

Mwanamke yule ni moto wa kuotea mbali. Namheshimu mno. Nimeudhika mno pia.

Jumanne, 5 Machi

Balaa. Bosi wa tanuri anasema hospitali wanalalamika mikate inafika imepoa. Jumamosi nitapanda mlima pamoja na mwenzangu tunayemwita Mapafu, kwa jinsi kifua chake kinavyomtangulia mlangoni. Atakayefika mikate ikiwa moto atachukua njia ya mlimani. Mwingine ataingia stoo kuchekecha unga.

Nimecheka kwa sauti ili bosi asione nilivyoshtuka. Stoo! Kule juu wauguzi wananingoja getini. Wagonjwa wanaijua kengele yangu. Ndani ya vumbi la unga nani atanijua? Naogopa. Naandika hivyo kwa sababu hapa hakuna anayesoma.

Mpango wa kwanza: kulidanganya goti. Nimelifunga kitambaa cha maji ya moto, nikavaa suruali mbili juu yake. Goti halikudanganyika. Mke wangu ameuliza mbona natembea kama meza. Nikasema nawaza. Akasema mficha maradhi kifo humuumbua, akavuka ua kwenda kumwambia mama yake. Ndivyo siri zinavyotunzwa nyumba hii.

Jumatano, 6 Machi

Nimeitwa chumbani kwa mama mkwe. Alikuwa anashona, hakusimamisha hata mguu. Akaniambia wazi kwamba goti halijazeeka, linaonewa. Kila nikisukuma gia nzito, uzito wote unaliangukia. Niweke gia nyepesi, nizungushe miguu haraka, nisikandamize. Mlima ni uleule ila goti litaubeba kidogo kidogo. Yeye kafundishwa na cherehani: ukikanyaga kwa hasira uzi unakatika, ukikanyaga kwa wepesi unashona kutwa na miguu haina habari.

Nikamtolea methali yangu ya haraka haraka. Akasema, “Hiyo waliambiwa wenye pupa, baba. Miguu haikuambiwa.”

Kichwa gani kile! Nimemwambia nitalifikiria. Ukweli ni kwamba nimeshaamua kuliiba wazo lake, nifanye mazoezi kwa siri, kisha lionekane limetoka kwangu.

Alhamisi, 7 Machi

Mama mkwe alipokwenda kununua vifungo, nikajipenyeza chumbani kwake, nikakalia kiti cha cherehani. Mpango safi: miguu izoee mwendo bila baiskeli wala mashahidi. Nikafumba macho, nikauona mlima, nikakanyaga. Wepesi! Haraka! Nilikuwa naruka!

Sikujua kwamba sindano ilikuwa na uzi. Mlango ulipofunguka nikainuka kwa heshima, na pazia la mteja lililokuwa chini ya sindano likainuka pamoja nami. Nilikuwa nimelishona kwenye pindo la shati langu, mstari mrefu, kutoka kitovuni hadi ubavuni.

Mama mkwe hakucheka. Aliinama, akavaa miwani, akaukagua mshono. Akasema umenyooka, miguu imeshaelewa, imebaki akili. Kisha akachukua mkasi akanifungua kwa upole, akaanza kulitengeneza pazia bila kunung’unika. Nilitamani ardhi inimeze, na wakati huohuo nilitamani kumpigia makofi.

Ijumaa, 8 Machi

Leo gia nyepesi barabarani. Aibu tupu! Nimerukaruka kwenye kiti mpaka mikate miwili imeanguka. Mapafu akanipita akiuliza kama ninakimbiza kuku. Damu ikanichemka, nikatia gia nzito nimwonyeshe. Goti likanionyesha mimi. Nimefika hospitali nikiikokota baiskeli.

Mama mkwe, aliyekuwa getini na mashuka yake, aliyaona yote. Akasema nimekurupuka. Niongeze mwendo pole pole, kiuno kitulie, mabega yalegee, na nisikubali maneno ya watu yanibadilishie gia. Jioni ameiomba baiskeli yangu, ati aifute vumbi. Mtu na shughuli zake zote!

Jumamosi, 9 Machi

Naandika kwa furaha.

Mapafu aliondoka kwa kishindo, amesimama juu ya pedali, gia nzito. Nikasahau yote niliyofundishwa. Nikapeleka mkono kubadilisha gia. Haikubadilika! Kidude chote kilikuwa kimezungushiwa uzi mnene wa kushonea turubai, fundo juu ya fundo. Mafundo ya fundi.

Sikuwa na la kufanya ila kuzungusha miguu. Nikakaa nimetulia. Nikaisikia cherehani kichwani, nikaifuata. Pumzi ikaja yenyewe. Kwenye kona ya mwisho nikamkuta Mapafu ameshuka, kashika magoti yote mawili. Nikapita. Goti langu kimya, kama si langu!

Getini mikate ilikuwa bado inatoa mvuke. Wauguzi walipiga makofi. Mama mkwe alikuwa pembeni akijifanya anakunja mashuka. Nikamwamkia shikamoo kwa pumzi kamili, sauti ikafika hadi wodini. Akaitikia, akatabasamu. Nikamuuliza kuhusu uzi. Akauliza uzi gani.

Nimelia kidogo. Sioni haya kusema.

Jumapili, 10 Machi

Majirani wamekuja kunipongeza. Nimewaeleza jinsi nilivyoigundua mbinu yangu. Mke wangu, akipita na ndoo, akasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sijui alikuwa anamsema nani.

Nimekaa nikatafakari. Miguu ya haraka kwenye gia nyepesi imeniletea ushindi. Je, miguu ya haraka kwenye gia nzito? Ushindi mara mbili! Ajabu hakuna aliyewahi kuliona hili. Nimeukata uzi kwa mkasi wa mama mkwe mwenyewe.

Jumatatu, 11 Machi

Naandika mguu ukiwa juu ya stuli. Goti limevimba, limekuwa kama mkate wa duara. Sikufika hata nusu ya mlima.

Mikate ilipandishwa na mama mkwe, juu ya mashuka yake. Imefika moto hata haishikiki. Wauguzi wamemwomba bosi kwamba mama mkwe aendelee, na bosi amekubali kabla hawajamaliza kuomba. Mimi nikipona nakwenda stoo. Chekeche langu limeshatengwa.

Nikiwa nimekaa kando ya njia, nilimtazama akipanda. Miguu inazunguka, mgongo umetulia, kengele inalia kila kona. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile barabarani. Moyo uliniuma kwa ajili ya njia yangu, kisha nikajikuta nimesimama kwa mguu mmoja, nampungia mkono.

Kasoro yake ni moja tu: gia anayotumia ni nyepesi mno. Nimemwambia mke wangu kwamba mama yake anaweza kufika mbali sana akipata mtu wa kumfundisha. Nimejitolea.