Darasa la Neno Moja, Ada Dumu la Mawese

Tangu ashuke Kigoma na shati lake moja zuri, Castory hakuwahi kufanya kazi ya kumtoa jasho, na alijivunia jambo hilo kama wenzake wanavyojivunia shahada. Lakini asubuhi ile, pale soko la Mwanga, alikuwa na shida ya kweli. Alikuwa amempenda Wema, binti wa Bi. Winfrida, mpika sabuni wa Kasingirima, na mama mtu alikuwa amemwekea sharti lisilo na kona.

"Unasema wewe ni mfanyabiashara wa mawese," alimwambia. "Vizuri. Niletee madumu matatu kabla ya Jumapili, ndipo tuzungumze habari za binti yangu. Ukija mikono mitupu, usibishe hodi."

Castory hakuwa na mawese hata ya kukaangia yai. Akasimama kati ya wauzaji, mikono mfukoni, akitazama mteja mmoja akitumbukiza kijiti kirefu ndani ya dumu, akakichomoa, akakikagua juu mpaka chini, akatikisa kichwa kuridhika.

"Anakoroga," Castory alijiambia. "Kama uji." Akalisahau jambo hilo papo hapo. Msomaji, wewe usilisahau.

Mara akaja mtalii wa Kizungu, katoka kutazama sokwe, akasimama mbele ya Marcelina, muuza mawese mwenye sauti kuliko wote sokoni. Mtalii akauliza swali refu. Marcelina akajibu, "Yes." Akaulizwa jingine, refu zaidi. "Yes." Mtalii akakuna kichwa, akaenda kununua maembe. Wauzaji wakasonya kwa pamoja, na Castory akaona riziki yake imefika.

"Shikamoo mama," alisema, akijisogeza. "Umempoteza mteja kwa kukosa neno moja tu."

"Marahaba. Neno gani hilo?"

"Get."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo kila kitu, mama. Waingereza kamusi yao ni nene kwa kuringa tu, lakini wakiwa nyumbani wanatumia hili. Wakipata kitu, get. Wakifika, get. Wakielewa, get. Binti yao akiolewa, get. Akizeeka, get. Akikasirika kwamba amezeeka, get tena."

Mzee Nikodemu, mwenye mashine ya kukamua mawese nyuma ya soko, alisogeza kiti. "Na akifa?"

"Akifa hasemi kitu, mzee."

Hebu tumtendee haki tapeli wetu. Hapo alikuwa hajadanganya, kwa kuwa neno lile kweli lina kazi nyingi kuliko punda. Alichoficha ni kwamba halitembei peke yake. Lina wapambe wake wadogo wadogo wanaolishika mkono, na bila wao halifiki mbali. Wapambe hao Castory mwenyewe hakuwajua vizuri.

"Yule mtalii atarudi Jumamosi na wenzake, basi zima," aliongeza, na huo sasa ulikuwa uongo mtupu. "Anayetaka kuzungumza nao, namfundisha. Ada ni dumu moja la mawese."

Wakajiandikisha watatu: Marcelina, Mzee Nikodemu, na Jovita, jirani na mshindani wa Marcelina, ambaye asingekubali kupitwa hata na msiba. Darasa likafanyika pale mashineni.

"Nikitaka kumwambia bei haipungui?" aliuliza Jovita.

"Get, huku umekunja uso."

"Na nikitaka kumfukuza anayeshikashika bila kununua?" aliuliza Marcelina.

"Get, unamwonyesha njia kwa kidole."

"Na kumwambia mtu afanye kazi aache maneno?" aliuliza Mzee Nikodemu, ambaye alisumbuliwa na vibarua wavivu.

"Unakunja uso, unaonyesha kazi ilipo, halafu get. Usiongeze kitu, mzee. Ukiongeza unaharibu Kiingereza."

"Ego, mwalimu," aliitikia mzee kwa Kiha, yaani ndiyo, ameridhika.

Jumamosi asubuhi ada ikaletwa. Castory akafungua vifuniko, akaona wekundu, akanusa, akainua dumu moja, likamlemea. Moyo ukamruka kwa furaha. Akapakia mkokoteni na kuelekea Kasingirima, akipiga mluzi njia nzima.

Wema alikuwa mlangoni. Alitabasamu, na Castory akasahau hata jina la mtaa. Bi. Winfrida hakutabasamu.

"Wema, niletee kijiti."

"Mama, usijisumbue kukoroga," alisema Castory. "Ni mazuri hivyohivyo."

Bi. Winfrida akazamisha kijiti mpaka chini, akakichomoa. Juu kilikuwa chekundu kiasi cha kiganja. Kuanzia hapo kushuka kilikuwa kinachuruzika maji. Dumu la pili vilevile. La tatu, chini ya wekundu wake, lilikuwa na maji na vipande viwili vya majani.

"Mwanangu," alisema taratibu, "mawese huelea. Hapa kwetu hata mtoto akitumwa dukani anaondoka na kijiti. Wewe mfanyabiashara ulikuwa unanunua kwa pua?"

Wema alicheka mpaka akakaa chini. Hicho ndicho kilichomuuma Castory kuliko vyote.

"Sharti langu halijabadilika," alisema mama mtu. "Siku nakuongezea, kwa sababu sijamsikia akicheka hivi tangu baba yake afariki. Lakini uyalete yenye mawese."

Castory akarudi Mwanga akifuka moshi kwa hasira. "Mmeniibia! Mmenijazia maji!"

Marcelina akamgeukia Jovita. "Na wewe uliweka maji?"

"Nilidhani ninyi mtaleta mazuri, langu lipotelee katikati."

"Hata mimi nilidhani hivyohivyo!"

Wote wawili wakamtazama Mzee Nikodemu, aliyepatwa na kikohozi cha ghafla.

"Na watalii wako wako wapi?" aliuliza Jovita. "Tumewangoja tangu alfajiri, uso tumeukunja."

"Hawapo," alisema Castory. Akakaa juu ya dumu tupu, pumzi zikamwishia. "Sikilizeni. Nampenda yule binti. Bila madumu matatu nimemkosa."

Ilikuwa sentensi yake ya kwanza Kigoma isiyokuwa na faida kwa yeyote, na kwa sababu hiyo wakaiamini. Marcelina akaukunjua uso. Mzee Nikodemu akasafisha koo.

"Njoo ufanye kazi mashineni kwangu. Kupasua kuni, kuchemsha chikichi, kukamua. Ukitimiza madumu matatu, ni yako, na kijiti nitakizamisha mimi mwenyewe."

Castory akatazama lundo la chikichi lililofika usawa wa dirisha. "Mzee wangu, kwani hatuwezi kuelewana kwa njia nyingine? Mimi ni mtu wa mipango, ningeweza labda kukutafutia wateja, au..."

Mzee Nikodemu alikunja uso, akanyoosha kidole kwenye lile lundo.

"Get," alisema.

Castory alikuwa amelifundisha mwenyewe neno hilo. Akavua shati lake zuri, akalitundika kwenye msumari.