Springi za Kubeba Wakwe

Jumatatu, 2 Februari

Leo ni leo! Jemedari ananyanyuliwa.

Jemedari ni Landrova yangu. Kijani, mzee kuliko mimi, mlango wa nyuma unafungwa kwa kamba. Jumamosi atawabeba wazazi wa Jovitha kwenda kumsalimia mjomba wake, huko mbele ya Sengerema. Jovitha kanieleza wazi: baba yake atatumia safari hiyo kunitazama. Nikimridhisha, barua yangu ya posa inapokelewa. Nikishindwa, Venant yupo. Huyu anafundisha shule moja na Jovitha, ana kigari cheupe kilicholala chini hadi kinafagia barabara, na muda wote ananukia.

Basi nikaenda gereji kwa Chenge. Akanipangia springi za aina tatu: laini, za kati, ngumu. Zote zinanyanyua gari kimo kilekile, akasema, tofauti ni uzito wa kubeba. Akaniuliza gari hubeba mzigo gani kila siku. Ukweli ni kwamba hunibeba mimi, na mimi ni mwembamba. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema hivyo. Mara namwona nani? Venant! Kaja kubadilisha oili, kasimama pale, masikio wazi.

Nikajibu kwa sauti kwamba nabeba mzigo mzito, siku zote. Chenge akataka kujua mzigo wa nini. Nikasema familia. Akasema hakujua kama nina familia. Nikamwambia naijenga.

Nimechukua ngumu.

Jumanne, 3 Februari

Urefu huo! Nimepita Kiseke nikiona ndani ya mageti ya watu. Nimemwona mwenye nyumba wangu akifua soksi. Watu wamesimama kunitazama, mmoja kaniuliza kama nimepata kazi hifadhini. Sikukataa.

Kuna jambo dogo. Jemedari anaruka. Tuta la kwanza nimegonga kichwa juu. Tuta la pili nimejing'ata ulimi. La tatu nilipunguza mwendo kabisa, akaruka vilevile, nadhani kwa mazoea. Nikampigia Chenge. Akasema springi hazina kosa lolote, zinasubiri ule mzigo niliomtajia. Bila mzigo haziwezi kulala. Akauliza familia iko wapi.

Jumatano, 4 Februari

Mawe! Kwa nini sikuwaza mapema? Mwanza mtu unaweza kukosa maji, mawe huyakosi.

Asubuhi nimejaza nyuma mpaka Jemedari akakaa. Ametulia kuanzia nyumbani hadi mteremko wa kwanza. Hapo mawe yote yakaja mbele kunisalimia. Nikaanza kupanda, yakarudi nyuma, kamba ikakatika, mengine yakashukia njia panda bila kuaga. Trafiki ameniuliza ninahama au ninajenga.

Jioni kaja jirani yangu, Mama Evelina. Kumbe jiwe moja la bapa nililopakia ni lake, analofulia. Anasema analo tangu aolewe. Nimemwambia lipo njia panda na halina hata mchubuko. Amekataa kuitikia salamu yangu ya kwaheri.

Alhamisi, 5 Februari

Nimeupata! Nimeupata mzigo!

Nilikuwa narudi mjini nikamwona Mama Prudencia, mama yake Jovitha, katoka sokoni na mikungu ya ndizi. Nikasimama, shikamoo mama, karibu nikusogeze. Akalitazama gari, akaangua kicheko, akasema hana mabawa. Nikamwekea kigoda. Akapanda, akakaa nyuma katikati. Jemedari akashusha pumzi! Tuta la kwanza likapita kama hakuna tuta. La pili pia. Mama anaendelea kunihadithia bei ya nyanya, hata hajui kama tumevuka kitu.

Binadamu! Anajishika mwenyewe, hahitaji kamba, hateremkii njia panda. Na ukoo ule Mungu kaujalia miili. Nilipomfikisha nikamwuliza kesho anaenda wapi. Akasema kwenye sala za jumuiya, pamoja na Shangazi Wilhelmina. Nikauliza huyo shangazi ni mtu wa namna gani. Akasema ni mcha Mungu. Haikuwa hasa nilichokuwa nauliza.

Ijumaa, 6 Februari

Shangazi Wilhelmina ni mcha Mungu, tena mnene kumzidi mama! Nimewapeleka jumuiya, nimewarudisha, nimewapeleka kununua vitenge, nimewarudisha. Nikawauliza kama hawana mahali pengine wanapopenda kwenda.

Jovitha kapiga simu, sauti imelainika. Anasema mama yake kawatangazia majirani kwamba hajapata kuona kijana anayependa wakwe namna hii. Wakwe! Barua bado, lakini neno limeshatoka! Jovitha akasema, "Shimba, sikujua kama una moyo wa hivi."

Sikuona sababu ya kumsahihisha.

Jumamosi, 7 Februari

Nianze na mazuri.

Mzee Kashaija, baba yake Jovitha, alikaa mbele na fimbo yake. Mama, Shangazi na Jovitha nyuma. Venant naye alijipendekeza kubeba ndizi za mjomba, akawa anatufuata na kigari chake. Tukapita Usagara, tukafika Kigongo, na pale darajani Mzee akaniomba nitembee polepole alitazame ziwa. Akasimulia walivyokuwa wakishinda pale wakingoja kivuko, siku nzima inaishia kwenye foleni. Alisimulia mwanzo mwisho bila kushika popote. Jemedari alikuwa anateleza tu!

Mbele ya Sengerema mvua ilikuwa imenyesha. Matope mazito. Kigari cheupe kikazama, Venant akashuka na viatu vyake vyeupe, akatupungia mikono. Nikamvuta mimi! Na kamba mpya ya mlango wangu mwenyewe! Jovitha akawa ananitazama kwenye kioo, na sikumbuki lini nimewahi kufurahi namna ile. Tulipofika kwa mjomba, Mzee Kashaija akanishika bega mbele ya watu, akasema, "Waitu, jamani, huyu kijana katulia kama gari lake." Akanielekeza nilete barua Jumatano.

Ningerudi nyumbani moja kwa moja. Lakini furaha ilinizidi. Nilitaka kujua kitu kimoja tu.

Tukirudi, tukiwa tumeshapita daraja, kuna ghala la mpunga lenye mizani ya malori. Nikawaambia wazee tunasimama kidogo. Nikapandisha gari, likapimwa. Kisha nikafungua mlango, nikaweka kigoda, nikawaomba kwa heshima zote washuke tupime tena. Wakashuka. Wanaamini kila ninachofanya, wamenizoea. Mpimaji akapiga hesabu yake ya kutoa. Ni mtu aliyezoea kelele za mashine, hajui kusema polepole.

"Abiria," akatangaza, "kilo mia nne!"

Wanunuzi wa mpunga wakageuka wote. Mimi nikaruka juu nikapiga makofi. Mia nne! Chenge alisema springi zinataka mia tano, tumebakiza mia tu! Mama Prudencia akauliza, taratibu, springi zinahusiana vipi na yeye. Nikamweleza. Mungu wangu, nikamweleza kila kitu, nikicheka! Nikamtajia Chenge, nikamtajia mawe. Nikamshukuru kwa sokoni, kwa jumuiya, kwa vitenge. Nikamwambia yeye peke yake kafanya kazi ambayo mawe ya jirani yangu yameshindwa.

Shangazi akajifunga kitenge upya. Mzee Kashaija akaegemea fimbo yake.

"Mwanangu," akasema, "kwenu mahari mnalipa kwa kilo?"

Aliyecheka ni mpimaji peke yake. Wote wanne wakaenda kujibana kwenye kigari cha Venant, kilichokuwa kimesimama nyuma yetu. Kilikuwa kinaburuza tumbo chini, lakini kiliondoka. Jemedari na mimi tumeruka mpaka Kiseke.

Jumapili, 8 Februari

Kichwa kina nundu mbili. Kanisani sikwenda.

Ujumbe wa Jovitha umeingia mchana. Mama yake hajala tangu jana. Amekaa chumbani, vitenge vipya kavirudisha kwenye mfuko. Baba kafunga mambo ya posa, isipokuwa nifanye mawili: nirudishe springi za zamani, kisha nije Jumatano na mtu mzima wa upande wetu, nimwombe mama radhi, na neno uzito lisitoke mdomoni mwangu. Mwishoni kaandika, "Mama alikuwa anakupenda kweli, Shimba."

Hapo nililia. Sioni haya kuandika. Yule mama alikuwa akinibakizia ndizi za kuchoma kila nikimshusha, kazifunga kwenye karatasi, bado za moto. Na mimi nahesabu kilo!

Kesho asubuhi zinatoka. Nimeapa.

Jumatatu, 9 Februari

Nimefika kwa Chenge kabla hajafungua. Nikamwambia toa, rudisha za zamani, mimi ni mtu mpya. Akaanza kufungua. Nikawa nimesimama pale, sina neno na mtu. Ndipo nikaziona ukutani.

Nyekundu! Ndefu zaidi! Zimeingia wiki hii, za mzigo wa kilo mia nane!

Nikakaa chini nikafikiri kwa utulivu, nikaona kosa lilipokuwa. Springi zilitaka mia tano, mimi nikawa na mia nne. Ile mia iliyopungua ndiyo iliyonitia wasiwasi, na wasiwasi ndio ulionipeleka mizani. Mzigo ungetimia, ningepima nini? Tena kuomba radhi na gari limenywea chini ni kama hujali. Mama yule anastahili gari refu, lenye nafasi, limsimamie mlangoni kwa heshima.

Chenge akaniuliza swali lake lilelile. Nikamjibu familia, ila sasa imekua.

Zimefungwa! Nikisimama kando, kofia yangu inafika kwenye kioo tu. Kutoka gereji hadi hapa nimegonga kichwa mara ambazo sikuzihesabu, lakini nilikuwa natabasamu.

Nimemwandikia Jovitha kwamba Jumatano naja kama walivyoagiza, na baba mdogo wangu, na uzito sitautaja hata kwa bahati mbaya. Nimeuliza jambo moja tu, kwa heshima zote: wale shangazi zake wa Muleba, nao ni watu wenye miili?