Marehemu Aliyeitwa Kwenda Chumba cha Pili

Leo nimeaibika, wenzangu. Tena saa nne asubuhi, jua likiwaka.

Kuna dispensari moja huku Ruashi. Niliwatengenezea programu ya kuita wagonjwa kwa sauti. Sehemu ya ndani nimeiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, ya juu kwa nyingine iitwayo Lua. Lua haishiki jina la mgonjwa. Inashika pointa tu, yaani anwani ya mahali jina lilipo kwenye kumbukumbu ya kompyuta. (Mimi mwenyewe nililisahau hilo.)

Asubuhi Mama Véro, muuguzi mkuu, akaniita mimi, mhandisi wao. "Ingé, Papa Dieudonné alikuwa na rendez-vous ya leo ya kuona munganga, lakini alikufa. Tulimuzika siku ya samedi. Umutoshe ku liste."

"Dakika moja, Mama! Mashine yangu haikosei hata kidogo."

Nikamfuta kwenye orodha, upande wa C.

Ukumbi umejaa. Mstari wa mbele ameketi mjane wake, Mama Charlotte, ndani ya nguo nyeusi, amekuja kupimwa presha.

Kipaza sauti kikakwaruza. Kikavuta kama pumzi. "Papa... Dieudonné. Chumba cha pili."

Vichwa vyote viligeuka. Mlango wa chumba cha pili ukafunguka taratibu. (Upepo. Nadhani upepo.)

"Papa Dieudonné. Chumba cha pili."

Nani alikimbia wa kwanza? Mimi! Mhandisi! Nikakanyaga ndoo ya kudekia, nikaanguka kifudifudi miguuni pa mjane, nikapiga yowe: "Papa, unisamehe, ni mimi nilikufuta!"

Mama Véro akachomoa waya. "Ingé, simama. Mufu eko ndani ya ordinateur yako, haiko huku."

Kweli, alikuwa ndani ya kompyuta yangu. C ilishaiachilia ile kumbukumbu, lakini Lua ilibaki na anwani ya zamani, na pale jina lilikuwa bado halijafutika. Nilipaswa kuifanya pointa iwe NULL, yaani isielekeze popote, na kuikagua kabla ya kuitumia. Mistari miwili! Niliiandika maji machafu yakinichuruzika.

Kisha nikaenda kumwomba mjane radhi. Akanishika mkono. Wake ulikuwa baridi.

"Ulisha kutengeneza?"

"Ndiyo, Mama. Hataitwa tena."

Alikitazama kipaza sauti. "Haiwezi kumuita tena mara moja tu?"



Somo? Ukiachilia kumbukumbu, iue na pointa yake. Mwenye kucheka acheke kesho. Leo bado naanika suruali.